Pingili Nne

Ninyi mliomwacha Jicho wiki jana akiwa ameinua kidole hewani, mkaniandikia barua za kunilaumu kwamba nimekata hadithi pabaya, rudini. Kidole bado kiko palepale.

Mbele yake, juu ya kitambaa cheusi cha duka la saa, zimelala saa mbili za chuma kisichoshika kutu, pacha kabisa. Moja ni yake, aliyozawadiwa na Bosi wa gereji kwa kutimiza miaka thelathini ya kuchanganya rangi za magari. Ya pili ni ya duka, haijavaliwa na mtu. Meneja, dada mmoja mwenye suti ya kijivu na glavu nyeupe, amezipanga akiwa amempa Jicho mgongo, kisha akageuka na kumwambia yale maneno yaliyotufungia wiki jana: kama kweli mkanda wa saa yake umebadilika rangi, basi na aonyeshe yake ni ipi.

Na wewe uliyeingia leo bila kupitia wiki zilizopita, usihangaike, habari yenyewe ni fupi. Wiki sita sasa Jicho anaona pingili nne za mkanda wa saa yake, zile zilizo karibu na kifungo, zimeingia ubuluu. Ni ubuluu mdogo, kama ule unaobaki kwenye shati jeupe lililofuliwa na soksi. Tatizo ni kwamba anauona peke yake.

Mkewe, Mama Pacha, hauoni. Wenzake gerejini hawauoni. Bosi aliigeuza saa juu chini, akaipeleka kwenye taa, akamrudishia na kusema kwa upole kwamba labda mzee wake amechoka.

Sasa mtu wa kawaida angeona doa kwenye saa akakasirika siku mbili akasahau. Jicho hawezi. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na gereji nzima, kwa sababu huyu ndiye anayeweza kutazama gari lililogongwa ubavuni, akaingia chumba cha rangi, akachanganya nyekundu ya mlango mpya mpaka mwenye gari mwenyewe ashindwe kuonyesha ulipobadilishwa. Anakula kwa macho yake. Kama macho yanaona ubuluu usiokuwepo, yamekwisha.

Akaenda kwa daktari wa macho, akapewa matone ya kutiwa kila jioni. Akaanza kujishuku, na hapo ndipo alipoharibu. Kila akichanganya nyeupe alipunguza tone moja la buluu, kufidia ule ubuluu ambao huenda uko machoni mwake tu. Matokeo yake gari jeupe la mteja mkubwa likatoka na mlango wenye umanjano wa meno. Mteja akarudi anafoka. Siku ileile Bosi akaagiza mashine ya kusoma rangi, na mpaka leo asubuhi ilikuwa kwenye boksi lake, kando ya mlango wa chumba cha rangi, inasubiri.

Jicho akamwambia Bosi mwenyewe, kwa kinywa chake: leo nakwenda dukani. Duka likisema saa ni nzima, basi mimi ndiye mbovu, na kabla ya saa sita mchana nakuletea ufunguo wa chumba cha rangi.

Saa ya ukutani dukani inasema saa nne na dakika ishirini. Haya, kidole.

Kidole kikashuka juu ya saa ya kulia.

"Hii," Jicho akasema.

Meneja akaichukua taratibu na kuigeuza. Mgongo wa saa ya Jicho umechongwa maneno "Miaka 30 ya Rangi". Mgongo wa saa hii ulikuwa mtupu.

Akaigeuza na ile ya kushoto, ili pasibaki ubishi. Maneno yalikuwa pale, yanang'aa.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Meneja aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshuhudia mzee akijikwaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba saa ni nzima, mkanda ni mzima, na duka linamshukuru kwa kufika. Kisha akaongeza lile neno ambalo Jicho alikuwa amelisikia wiki sita mpaka limemtoboa masikio: "Labda ni mwanga tu, mzee."

"Twende nyumbani, Baba Pacha," akasema mkewe, aliyemsindikiza, tayari amemshika kiwiko. "Umeshajua sasa. Twende."

Jicho akavaa saa yake. Kufunga kifungo tu kulimshinda mara mbili kwa hasira, na hakujua amkasirikie nani. Saa haina kosa. Meneja hana kosa. Mtu hawezi kuyagombeza macho yake mwenyewe, ingawa alijaribu.

Simu ikalia. Ni Bosi. Jicho masikio yake yameliwa na kelele za mashine za kupulizia rangi, kwa hiyo simu yake huwa haisikiki isipokuwa kwa spika, na duka zima likapata habari.

"Mzee wangu," Bosi akasema, sauti imejaa asali. "Wamesemaje huko?"

Jicho akatazama sakafu. Akasema wamesema saa ni nzima.

Bosi akaanza kumpoza. Alisema hakuna aibu, kwamba hata yeye mwenyewe alishika bomba la kupulizia rangi kwa mara ya kwanza akiwa amesimamiwa na Jicho huyuhuyu, enzi marehemu baba yake alipokuwa akiendesha gereji, na kwamba hilo hatalisahau. Halafu akauliza kama ufunguo atauleta mwenyewe au atume mtu.

"Nitaleta mwenyewe," Jicho akajibu.

Miaka thelathini ikaisha hivyo, mbele ya dada mwenye glavu na mlinzi wa mlangoni aliyejifanya anafuta kioo.

Wakatoka. Nje jua la asubuhi lilikuwa limeshapanda juu ya maghorofa na limemwagika barabarani lote. Jicho akainua mkono kujikinga macho, na mkono huo ndio uliokuwa na saa.

Akasimama. Mama Pacha, aliyekuwa ameshamtangulia hatua mbili, akavutika nyuma.

Zilikuwa pale. Pingili nne, kutoka kwenye kifungo kwenda juu, zina ubuluu, na nyingine zote ni nyeupe safi. Hakuwa akikisia. Ilikuwa wazi kama mlango uliopakwa rangi na fundi mlevi.

Na hapo Jicho akajitukana. Nisameheni siwezi kuandika alivyojitukana, gazeti hili linasomwa na watoto. Lakini maana yake ilikuwa hii: ni mara ngapi amewafokea wanafunzi wake gerejini kwamba rangi hailinganishwi chini ya taa? Ni mara ngapi ameusukuma mlango wa gari mpaka uani, akauinamisha juani, ndipo akasema ndiyo au hapana? Taa za njano humeza buluu. Chini yake rangi mbili zisizojuana hukaa pamoja kama ndugu. Kila mwanagereji anajua. Na yeye, mwalimu wao, ameingia dukani akakubali kupimwa chini ya taa ishirini za njano, kwa sababu ya hofu tu.

"Turudi ndani," akasema.

"Baba Pacha, tafadhali."

"Nimesema turudi."

Mama Pacha hakusogea. Huyu ni mwanamke ambaye muuza nyanya akimpunja nyanya moja huwa hakubali kuondoka mpaka ameipata na ya nyongeza, na leo alikuwa ananong'ona. Alisema watu watawaona wendawazimu. Alisema jua limekuwa kali. Alisema amesahau jiko. Jicho akamkumbusha kwamba asubuhi walikunywa chai ya chupa na jiko halikuwashwa kabisa, akaingia.

Meneja alipomwona tena alivuta pumzi ndefu. Jicho akamweleza: anataka jaribio lilelile, saa zilezile, lakini nje, kwenye jua. Meneja akasema haiwezekani, saa ya duka haivuki mlango bila kununuliwa, ndiyo kanuni. Jicho akasema anaomba dakika mbili tu. Meneja akasema kanuni haina dakika. Jicho akaomba kumwona mkubwa wake, meneja akasema mkubwa wake ni yeye. Jicho akaomba basi azime taa afungue mapazia, akaambiwa kioo cha duka kina rangi ya kukinga jua, na kweli kilikuwa nayo, ya kahawia, na Jicho akaona kwamba hata angezima taa zote za dunia bado wangekuwa wamo ndani ya chupa ya soda.

Hasira ikampanda. Wiki sita anaambiwa haoni anachokiona, na sasa dawa iko hatua tano kutoka mlangoni na kinachomzuia ni kanuni.

"Dada," akasema, na sauti ikamkatika kidogo, "mimi sitaki kubadilishiwa saa. Sitaki unilipe kitu. Nikitoka hapa nakwenda kukabidhi kazi yangu kwa mashine. Nataka kujua tu kama macho yangu ni mazima. Baba yako angekuja akakuomba hivi, ungemwambia kanuni?"

Meneja akamtazama. Akavua glavu moja, akaivaa tena. Akamwita mlinzi, akafunga kabati kwa ufunguo, akaweka saa ya duka kwenye sinia dogo lenye kitambaa, na kumwomba Jicho aweke yake kando yake. Wakatoka wote watatu kama watu wanaokwenda kumzika kuku, meneja na sinia mbele, mlinzi na rungu nyuma.

Jicho akatoa masharti mwenyewe. Mara moja haitoshi, mtu anaweza kubahatisha. Meneja ampe mgongo, azichanganye, ageuke, na wafanye hivyo mara tano.

Mara ya kwanza akaonyesha ya kulia. Meneja akageuza, maneno yakawepo.

Mara ya pili, ya kulia tena. Yakawepo.

Mara ya tatu meneja alikaa amempa mgongo muda mrefu, anazichanganya kwa fujo. Jicho akaonyesha ya kushoto kabla sinia halijatulia. Yakawepo.

Mara ya nne mpita njia mmoja aliyebeba mkate alikuwa ameshasimama kutazama. Yakawepo. Mara ya tano mwenye mkate alikuwa amepata wenzake watatu, na mlinzi, aliyeagizwa kulinda, alikuwa ameinama juu ya sinia kuliko wote.

"Hata mimi naona," mlinzi akasema. "Hizi hapa. Moja, mbili, tatu, nne. Zina kama samawati."

Zamu ikawa ya meneja. Akaisogeza saa karibu na uso wake, akaigeuza juani, na midomo yake ikahesabu kimya kimya mpaka nne. Alipoinua macho, Jicho alijua kabla hajasikia. Mtu mwingine ameona. Wiki sita, na hatimaye mtu mwingine ameona.

Nisiwafiche, Jicho alilia. Hakulia sana, machozi mawili matatu ya mtu mzima, akayafuta kwa mkono wa shati lenye madoa ya rangi kumi. Akacheka wakati huohuo. Alimgeukia mkewe amwambie umeona, nilikwambia, lakini Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka, mkoba mapajani, ameshika tama. Jicho akadhani ni furaha imemlemea.

Meneja akarudi ndani mbio akamleta fundi wa duka, mzee mfupi mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Fundi akakishusha kioo, akaitazama saa palepale nje, akaukunja mkanda na kuukunjua. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

"Hizi nne si za saa hii," akasema. "Ni za saa kama hii lakini ya toleo la zamani. Chuma chake kilichanganywa tofauti kidogo. Hazijabadilika rangi, mzee, zimebadilishwa zenyewe."

"Zimebadilishwa na nani?" Jicho akauliza.

Fundi akasema hilo halijui, ila si kazi ya duka. Akaonyesha vipini vidogo vinavyoshikilia pingili: vina mikwaruzo, vimesukumwa na kitu kama sindano ya cherehani. Fundi wa duka ana kifaa chake maalumu. Hii ni kazi ya mtu wa kibarazani, akasema, na akaifanya vizuri kiasi kwamba angeweza kumdanganya yeyote asiye na macho kama haya.

Mkiniuliza mimi, Jicho angeishia hapo. Angemshukuru fundi, akampa meneja mkono, akanyanyua mke wake wakaenda zao. Macho mazima, kazi nzima, ufunguo mfukoni. Lakini mtu aliyebanwa wiki sita hafunguki taratibu. Furaha yote ikageuka moto, na moto ukatafuta pa kwenda, na njia ilikuwa moja tu. Saa hii ilitoka mikononi mwa nani?

Akapiga simu.

"Mzee wangu," Bosi akaanza.

"Usiniite mzee wako." Watu wa mkate wakasogea. "Miaka thelathini nimevuta thina ya kuyeyushia rangi kwenye mapafu yangu kwa ajili ya gereji ya baba yako, na zawadi yangu ni saa ya viraka. Umenipa saa iliyochezewa. Fundi ameiona, meneja ameiona, hata mlinzi ameiona. Ukanitazama usoni ukaniambia nimechoka."

Bosi akajaribu kusema kitu. Jicho hakumpa nafasi. Akamwambia ufunguo hauleti, si leo wala kesho. Akamwambia hiyo mashine aipeleke kwao ikamsomee magazeti. Akamwambia mambo mengine mawili kuhusu mlango wa umanjano na nani hasa wa kulaumiwa, na moja kuhusu namna Bosi alivyokuwa akishika bomba la rangi akiwa kijana, ambalo lilimfanya mlinzi akohoe.

 Kisha Bosi akauliza swali ambalo Jicho hakulielewa.

"Uko na nani hapo?"

"Niko na macho yangu," Jicho akajibu, akaibonyeza simu kwa kidole gumba kinachotetemeka na kuitumbukiza kwenye mfuko wa shati.

Alikuwa anahema kama aliyepandisha injini ghorofani. Meneja kwa adabu akawaomba watu wasambae. Akamwambia Jicho kwamba, kwa kuwa mkanda umeguswa na mtu wa nje, dhamana ya saa imekufa, lakini duka litaandika barua ya kueleza walichokiona, na akaingia ndani kuiandika. Fundi akamfuata. Mlinzi akarudi kwenye kioo chake.

Jicho akaketi ngazini kando ya mkewe.

"Umesikia nilivyompa?" akasema. "Kesho ataniomba radhi mwenyewe. Kuninunulia saa iliyochezewa, mimi."

"Hakununua saa iliyochezewa," Mama Pacha akasema.

"Nani?"

"Bosi wako. Alinunua saa nzima, mpya." Alikuwa anauambia mkoba. "Ni mimi, Baba Pacha."

Basi akamweleza, na mimi nawaeleza kama alivyoeleza, ila bila ule ukimya aliokuwa akiuweka katikati. Siku ya tatu baada ya zawadi Jicho alirudi kazini na tone la rangi ya msingi kwenye mkanda, akaiacha saa juu ya leso mezani akaenda kuoga. Mama Pacha akataka kumfurahisha. Akachukua dawa ya kutoa madoa, ile kali anayowekea mashuka meupe, akaimwagia pale penye rangi. Simu ikalia, binti yao mmoja, wakaongea. Aliporudi rangi ilikuwa imetoka na pingili nne zimekuwa za kahawia kama msumari wa zamani. Alisugua mpaka kucha zikauma. Hazikurudi.

"Ungeniambia," Jicho akasema.

"Ulikuwa unailaza kwenye leso. Hujawahi kulaza kitu kwenye leso, hata watoto." Akavuta pua. "Niliogopa. Nikaenda kuomba msaada kwa mtu. Asubuhi yake ulipokuwa kazini mtu huyo akanipeleka kwa fundi wa kibarazani, zikawekwa hizi. Jioni ukavaa. Nikadhani yameisha."

Jicho akahesabu wiki kichwani. Zilikuwa sita. Jioni ya pili baada ya hapo ndipo alipomwonyesha mkewe mkanda kwa mara ya kwanza, na mkewe akautazama akasema haoni kitu.

"Ulikuwa unaziona," akasema.

"Hapana. Wallahi sikuwa naziona, macho yangu si kama yako. Lakini nilijua zipo."

"Ulijua zipo, ukaniacha niende kwa daktari."

Mama Pacha akaufungua mkoba, akaufunga tena.

"Ukaniacha niharibu gari la watu. Ukanilaza kichwa kwenye mapaja yako kila jioni ukanitia matone machoni, ukaniuliza kama yanawasha, ukanipulizia."

"Hayakuwa matone," akasema kwa sauti ndogo sana. "Niliyamwaga nikaweka maji yaliyochemshwa. Sikutaka nikutie dawa kwenye macho mazima."

Ajabu ya binadamu ni kwamba hilo ndilo lililomvunja. Angeweza kumeza dawa ya madoa. Angeweza, kwa siku kadhaa, kumeza na fundi wa kibarazani. Lakini alikumbuka alivyokuwa akikaza macho kila jioni asipoteze hata tone moja, akiomba kimya kimya lile tone lifanye kazi, na juu yake ameinamiwa na mtu anayejua kwamba ni maji. Akasimama. Akakaa tena. Alitaka kupiga kitu na hapakuwa na kitu ila ngazi.

"Leo asubuhi nilikuwa nakwenda kurudisha ufunguo," akasema. "Ungeniacha niurudishe?"

"Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Ulipoanza kulalamika nilirudi kwa yule mtu. Nikamwambia ameziona, nifanye nini, nimwambie ukweli. Akasema hapana. Akasema ukijua nimeiharibu zawadi itakuvunja moyo, kwamba nishikilie hapohapo, kila ukiuliza niseme sioni kitu, na wengine nao watasema hivyohivyo. Akasema utachoka mwenyewe. Alisema ni kwa faida yako. Mimi nikaona ni mtu anayekupenda, anayekujua kuliko mimi ninavyokujua kazini."

Jicho akageuza shingo polepole.

"Wengine nao watasema hivyohivyo," akarudia. "Mtu gani huyo anayeweza kuwaambia wengine waseme?"

Mama Pacha akafunika mdomo kwa kiganja.

"Mama Pacha. Nani alikupeleka kwa fundi?"

Akatikisa kichwa. Alisema ameapa. Alisema ameshaharibu vya kutosha kwa leo, na asimlazimishe kuharibu na hili, kwa sababu hili likitoka halirudi, na wao bado wana pacha wawili shuleni na nyumba isiyoezekwa upande mmoja. Jicho akasema hatauliza mara ya tatu. Akamshika mkono, kwa nguvu kidogo kuliko alivyokusudia, na kumtazama kwa macho yale yaliyothibitishwa kuwa mazima nusu saa iliyopita, na mkewe akafumbua mdomo kusema.

Hakuwahi. Sauti iliyosikika ilitoka kwenye mfuko wa shati la Jicho, kwa spika, wazi kabisa, kutoka kwenye simu ambayo kidole kinachotetemeka hakikuikata.

"Mama Pacha," Bosi akasema, na safari hii sauti haikuwa na asali hata chembe. "Mimi na wewe tulikubaliana nini?"